Tawi Juu ya Chumba cha Mama

Hwagol, 15 Juni 1986

Bun-im, mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji Rolf na mpwa wangu Mi-ra. Hapa nyumbani tu wazima, ukiacha mgongo wangu, ambao tangu tumalize kupandikiza mpunga umekataa kunyooka. Dong-su amepata kazi ya ualimu katika shule ya serikali huko mjini. Sasa mwanangu anafunga tai hata akija kuchukua mtungi wa kabichi ya kimchi. Mama yake anawatangazia majirani habari hiyo kila siku kana kwamba jana hawakuisikia. Mama naye ametimiza sabini na nne. Meno yamebaki manne, ulimi uko kamili.

Nina jambo la kukuomba. Unalikumbuka tawi la mti wa kijiji lililopita juu ya paa letu? Ulipoondoka mwaka wa sitini na nane lilikuwa nene kama paja. Sasa limezidi kiuno changu, nalo limelala juu ya chumba cha Mama kama mkono wa mlevi begani kwa rafiki yake. Upepo kidogo tu, vigae vinalia. Mwezi uliopita niliona ufa pale tawi linapotoka kwenye shina. Vidole vyangu viwili viliingia.

Kukata siwezi. Mti uko chini ya ulinzi wa serikali tangu mwaka wa themanini na mbili, na ubao umesimama mbele yake: mzelkova, miaka 450, marufuku kukata, kupogoa wala kuchimba karibu. Na unajua ni nani aliyeomba ulindwe? Mimi. Watu wa barabara walitaka kuung'oa, nami ndiye niliyekuwa mkuu wa kijiji, nikaandika barua kumi na moja mpaka wakachoka nami. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nilikwenda wilayani. Bwana Maeng wa idara ya misitu akaja na utepe wake wa kupimia, akauzunguka mti mara tatu.

"Tawi kavu, kata," akasema. "Tawi bichi, mpaka kibali."

"Na hilo bichi likituangukia?"

"Likishaanguka si tawi tena. Ni kuni."

"Basi kuni nichukue?"

"Kuni nazo ni za serikali."

Si mtu mbaya, lakini. Alituachia fomu. Inataka mihuri miwili, wa mkuu wa kijiji na wa mwenye nyumba. Wa kijiji nimeupata. Mwenye nyumba ni Mama, na Mama ameuficha mhuri wake.

"Kila kitu mmekibadilisha," aliniambia. "Paa la nyasi mmelitoa, mkaweka vigae. Njia mmeitia lami. Hata kijito mmekihamisha. Seok-gyu akirudi ataijuaje nyumba? Tawi hilo ndilo alilofungia bembea. Atakuja akilitafuta hilo."

Nikamwambia basi ahamie chumba chetu. Akasema chumba chake ndicho kilicho karibu na lango, na atakayebisha hodi atabisha hapo.

Ni miaka thelathini na sita tangu, wakati wa vita, askari wa Kaskazini wamchukue kaka yetu akiwa na miaka kumi na minane. Sijawahi kumwambia Mama kwamba hatarudi. Mimi si wa kumwambia. Akinitazama anamwona mtoto wa pili, aliyebaki kwa sababu alikuwa mdogo mno kuchukuliwa. Wewe ndiye kitinda mimba wake. Mwandikie, kwa upole, kwamba huenda Kaka Seok-gyu hayupo tena duniani. Nitamsomea kwa sauti, nami nitajifanya nimeshtuka.

Mvua zinakuja.

Kaka yako,
In-gyu


Essen, 9 Julai 1986

Kaka In-gyu,

Shikamoo. Mama mpigie magoti kwa niaba yangu. Wifi mwambie ile hongera ya Dong-su naye nampa, maana mtoto hafungi tai kama hakuna aliyemfulia shati. Rolf hajambo. Mi-ra amenipita urefu na anauliza kwa nini bibi yake hana simu. Mimi bado nauguza wodi ya wazee. Dirishani nimepanda yale majani ya kufungia nyama, mbegu ulizonitumia, na majirani Wajerumani wanafikiri ni maua.

Habari ya tawi imenitia hofu. Huku nimeona miti mikongwe ikiegemezwa kwa nguzo za chuma, zimefungwa mpira juu zisiuchubue mti. Muulize Bwana Maeng. Na Mama umhamishe kwa ujanja. Mwambie bomba la kupasha joto sakafu yake limevuja moshi, mnalitengeneza.

Kuhusu lile jingine uliloniomba, Kaka, niwie radhi. Sitaliandika. Usiniulize sababu. Dong-su ameingia kazi ya serikali na sote tumefurahi, tuishie hapo.

Mdogo wako,
Bun-im


Hwagol, 31 Agosti 1986

Bun-im,

Marahaba. Tu wazima. Mpunga umelala kidogo kwa upepo lakini utasimama. Pilipili zimeoza nusu.

Ile dhoruba ya Alhamisi bila shaka mliisikia hata huko. Ufa umefunguka. Tawi limeshuka kiasi cha urefu wa mkono na sasa limekaa juu ya paa. Vigae vilivunjika pembe moja ya chumba cha Mama, na Mama alipata mkwaruzo. Bwana Maeng alikuja na nguzo mbili za chuma, ndilo lile shauri lako, akaegemeza. Ameniambia mwenyewe: "Mzee Ryu, hii ni bandeji, si dawa. Nipe fomu yenye mhuri, nitaipeleka kamati ndani ya siku moja." Yaani sasa serikali inakubali. Anayekataa ni Mama.

Jumamosi alfajiri nilichukua msumeno nikapanda. Nilisema liwalo na liwe, wanitoze faini, wanifunge. Nilikuwa nimekwisha kuukaza mguu kwenye panda ya mti nilipomwona Mama amesimama chini yangu, kichwa wazi, amevaa viatu vya mpira.

"Kata," akasema. "Lakini lishukie hapa nilipo."

Nikashuka. Nini kingine ningefanya? Tuliingia ndani tukanywa supu.

Ukasema nisikuulize sababu. Sikuulizi. Nakuuliza tu kama una habari kwamba mama yetu analala chini ya hilo tawi.

In-gyu


Hwagol, 20 Oktoba 1986

Bun-im,

Wiki saba, na sijaona bahasha yako. Tumevuna. Mama Dong-su anaandaa makabichi.

Nilikudanganya. Haukuwa mkwaruzo. Boriti ilimwangukia Mama begani, mfupa ukavunjika, na kigae kikampasua paji la uso, nyuzi sita. Mkono wa kushoto hauinuki mpaka leo. Sikutaka uhangaike na tikiti ya ndege. Bado analala chumba kile kile. Kile kisa cha bomba alikitambua kabla sijamaliza kukisema, akaniuliza ni nani aliyenifundisha uongo wa kizembe hivyo.

Ikianguka theluji nzito mwaka huu, nguzo hazitabeba.

Mimi nimelima shamba hili tangu nina miaka kumi na minne. Nimemzika Baba, nimemuuguza Mama, nimemwinamia kila Mwaka Mpya. Sijalalamika. Lakini sitazika mama kwa sababu ya bembea. Kama unajua la kusema, sema. Kama hujui, sema hujui.

In-gyu


Essen, 2 Desemba 1986

Kaka yangu, shikamoo.

Barua hii haikupita posta. Sun-ok, muuguzi mwenzangu, ameileta kifuani mwake kwa sababu anakuja likizo kwao. Atarudi huku katikati ya Januari na atapita kwako tena. Ukitaka kujibu, mpe yeye. Ukimaliza kuisoma, ichome.

Nililia wodini mbele ya wagonjwa. Mfupa wa bega, Kaka, nawe ukauita mkwaruzo! Lakini sina uso wa kukulaumu. Mimi nimeficha kubwa kuliko hilo.

Kaka Seok-gyu amekufa. Hakufa vitani. Mwaka wa themanini na tatu mchungaji mmoja wa kwetu anayeishi huku alipata ruhusa ya kwenda Kaskazini kumtafuta dada yake. Nilimpa karatasi: jina la Kaka, mwaka wa kuzaliwa, jina la kijiji, jina la Baba. Sikutegemea lolote. Baada ya mwaka na nusu akaniletea picha na barua fupi kutoka kwa mwanamke anayeitwa Ryu Ok-hwi. Ni binti yake. Kaka alikuwa mwashi. Alioa huko, akapata binti wawili. Alifariki kwa ugonjwa wa mapafu mwaka wa sabini na tisa. Binti anaandika kwamba baba yao akipata kinywaji alikuwa akiwaeleza habari za bembea iliyopanda mpaka juu ya paa, na mama aliyesimama chini akimtukana kwa hofu.

Picha ninayo, ndani ya droo, chini ya soksi za Rolf. Siwezi kumtwisha Sun-ok picha hiyo. Wewe unajua nyumba inayokutwa na barua ya kutoka kule inafanywa nini na serikali yetu. Dong-su angefutwa kazi kabla hajazoea chaki. Hiyo ni sababu moja.

Ya pili ni woga. Kila nilipoandika "Mama hajambo?" kalamu ilinisuta. Nilijiambia, acha angoje, kungoja hakumuui mtu. Kumbe kungoja kumelala juu ya chumba chake.

Msomee, Kaka. Au usimsomee. Wewe ndiye uliyebaki naye. Kusema kweli wewe ndiye umekuwa mtoto wa kwanza miaka yote hii, ila hakuna aliyekuambia.

Bun-im


Hwagol, 14 Januari 1987

Bun-im, marahaba.

Sun-ok amekaa barazani anakunywa chai ya tangawizi akinisubiri nimalize. Nitaandika haraka.

Nilikaa na barua yako siku tisa. Nilitembea nayo ndani ya shati mpaka Mama Dong-su akaniuliza kama nina mwanamke mjini. Kwa umri huu! Siku ya kumi theluji ilianguka, nguzo moja ikalia kwa sauti kama ng'ombe, nikajua siwezi kungoja zaidi. Mke wangu alikuwa ameenda sokoni. Nikaingia kwa Mama.

Alikuwa anachambua maharage ya soya kwa ule mkono mmoja, mazima bakuli hili, mabovu lile.

"Barua ya Bun-im," nikasema.

"Soma."

Nikaanza. Nilipofika jina la Kaka, nikaukunja ukurasa.

"Mbona umenyamaza? Umesahau kusoma?"

Nikasoma. Nilisoma yote mpaka mwisho bila kuinua macho. Nilipoinua, mkono wake ulikuwa bado unachambua, lakini mazima na mabovu alikuwa akiyatia bakuli moja.

"Wasichana wawili?" akauliza.

"Wawili."

"Mkubwa ana umri gani?"

"Barua haisemi."

"Bun-im hajui kuuliza. Tangu utoto hajui kuuliza." Kisha: "Alikufa siku gani?"

"Mwaka wa sabini na tisa, Mama."

"Nimekuuliza siku. Mwaka hauandaliwi meza ya marehemu. Siku ndiyo huandaliwa." Hapo ndipo uso wake ulipobadilika, Bun-im. Hata Baba alipokufa sikuuona hivyo. "Tangu afe mwanangu hajapata hata bakuli moja la wali kwangu. Na mimi nilikuwa nakula. Kila siku mlikuwa mnaniletea, na mimi nakula."

Nilitaka kumshika. Akanisukuma, akainuka mwenyewe, akaenda kwenye mtungi wa chumvi, akatia mkono hadi kiwiko na kuutoa mhuri. Akaupangusa kwa sketi yake.

"Gonga hiyo karatasi yako."

Nikagonga. Alama ikakaa upande. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "In-gyu, wewe umechoka." Ni hilo tu. Nina miaka hamsini na moja na sijawahi kulisikia kwake. Nilitoka nikasimama nyuma ya zizi mpaka nilipoweza kurudi.

Barua yako nimeichoma chini ya sufuria ya wali. Niliona haya kuichoma, jina lake likiwa ndani.

Anataka siku. Kama binti aliitaja, nipatie. Lakini itapita posta, ambako barua hufunguliwa, kwa hiyo uiandike kama mtu mwenye akili.

In-gyu


Essen, 29 Januari 1987

Kaka, shikamoo.

Heri ya Mwaka Mpya wa kalenda yetu. Mi-ra alivaa lile vazi alilotuma wifi, limemfika magotini. Tumekula supu ya vipande vya mkate wa mchele, sote tumeongeza mwaka.

Uliniuliza siku nzuri ya kupanda vitunguu. Nimeulizia kwa wanaojua. Ni tarehe tisa ya mwezi wa pili, kalenda ya zamani. Mkubwa wao hupandwa miaka thelathini, mdogo ishirini na saba, Mama atanielewa.

Mwambie sasa nimejifunza kuuliza.

Bun-im


Hwagol, 10 Machi 1987

Bun-im, mdogo wangu,

Marahaba. Theluji imeyeyuka na tope limefika mlangoni. Dong-su amepewa darasa la watoto hamsini na wawili. Amekonda, tai imeanza kumning'inia. Shemeji Rolf mshukuru kwa dawa ya misuli, Mama anaipaka na kulalamika harufu. Kuhusu vitunguu vile viwili alicheka. Kicheko kifupi, lakini nilikisikia.

Kibali kilikuja kabla ya mwezi mpevu wa kwanza. Siku ya tambiko la mti, mkuu wa kijiji aliumwagia mti pombe ya mchele kwenye mizizi, akautangazia kwa sauti kwamba tutaukata mkono mmoja, utusamehe, ni sisi wenyewe tuliojenga karibu mno. Wazee wawili walinuna. Mmoja akasema akifa mtu mwaka huu atajua wa kumwuliza. Mama, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, akamjibu, "Una miaka themanini na tatu, Bwana. Ukifa mwaka huu usimsingizie mtu." Hata Bwana Maeng aliinamisha uso kuficha kicheko.

Walikata tarehe ishirini na nne Februari, kabla maji ya mti hayajaanza kupanda. Fundi alitoka Daegu, Mzee Gu, mtu mfupi wa miaka sitini, anapanda kwa kamba kana kwamba ameitwa huko juu. Alilifunga tawi kwa kamba nne kwanza. Akalitia msumeno kutokea chini, robo tu, ili gome lisichanike hadi shinani. Kisha kutokea juu. Likashushwa vipande vipande, kila kipande taratibu, kama mnavyomshusha mgonjwa. Mwisho akaondoa kile kisiki, lakini aliuacha ule uvimbe wa shingoni pale tawi lilipozaliwa. Nikamwuliza kwa nini asikate sambamba na shina ipendeze. Akasema, "Mti hujiponya kuanzia hapo. Ukiukata uvimbe huo, umeukata na uponyaji."

Tangu asubuhi Mama alikuwa amekaa barazani, amefunikwa blanketi. Lilipofika chini pande la mwisho, aliomba asogezwe, akaweka mkono juu yake. Ndani lilikuwa limeoza, jeusi, ungeweza kutia kichwa cha mtoto. Bwana Maeng akaandika kwenye daftari, akasema dhoruba ijayo lingeshuka lote. Mama akasema, "Nimesikia," na akarudi ndani.

Ile siku uliyonitajia tuliiheshimu. Mama Dong-su hajaambiwa, na Dong-su hataambiwa mpaka nyakati zibadilike. Walichoambiwa ni kwamba ni mtu wa upande wa Mama. Mke wangu si mjinga, alitazama jinsi Mama alivyokuwa akikaanga samaki kwa mkono mmoja, akikataa kusaidiwa, akaniuliza jikoni, "Mgeni wenyewe ni nani?" Mama akajibu yeye, bila kugeuka, "Mtu aliyechelewa njiani."

Tuliandaa jioni mapema, maana Mama hawezi kukesha. Wali, supu ya figili, samaki, tofaa, tende zilizokaushwa. Pombe nilimimina mimi. Jina sikuliandika kwenye karatasi ya marehemu, nikaiweka mezani tupu. Mimi ndiye niliyeinama, mara mbili mpaka paji la uso likagusa sakafu. Mama hakuinama, kwani mzazi hamwinamii mtoto. Yeye alikichomeka kijiko ndani ya wali, akaweka vijiti juu ya samaki, upande wa mgongo wenye nyama.

Kisha unajua desturi, hutoka wote, mlango hufungwa, ili anayekula ale kwa faragha. Tulitoka. Mama akakataa. Akasema yeye amengoja kuliko sote na hatoki.

Kwa hiyo tulisimama uani, mimi na mke wangu, tukisikiliza. Kisha nikamsikia Mama akisema, kwa ile sauti aliyokuwa akitumia sisi tulipokuwa wadogo na tumerudi shambani na njaa:

"Kula pole pole. Hakuna anayekufukuza."

Hatukugonga mlango mpaka alipotuita mwenyewe.

Kaka yako,
In-gyu